Jina la Ogola Kwenye Nchi ya Barafu

Tangu nirudi sijakaanga samaki kwa amani. Mtu anaingia hotelini kwangu hapa Homa Bay, anaagiza ngege, na kabla sijamgeuza upande wa pili ananiuliza: "Mama Akinyi, ni kweli ulifika kwa Waeskimo? Ni kweli wanakula nyama mbichi? Na lile jina la mzee, ulilifikisha?" Ngege wameniungulia mara nyingi kwa sababu yenu. Bas, nimekaa chini nimeandika yote. Someni, halafu mniache nifanye kazi.

Magunga, Awendo, Isebania

Mume wangu Ogola tulimzika nyumbani Magunga. Hilo mnalijua, mlikuwepo. Msilolijua ni kwamba binti yetu Akinyi alipokuwa mjamzito huko Kanada anakofanya kazi ya uuguzi, Ogola alinijia ndotoni. Alisimama nje ya mlango wa nyumba yetu, amevaa lile koti lake la mvua la kijani, anabisha. "Min Akinyi," akaniambia, "huku nje kuna baridi. Mbona hamnifungulii?" Niliamka kabla sijafika mlangoni, nikakaa kitandani nikilia.

Mchungaji wetu akisoma hapa anisamehe. Mimi ni Msabato tangu tumboni mwa mama, na naamini kwamba aliyekufa amelala mpaka parapanda ilie. Lakini mimi pia ni Mjaluo. Marehemu akikujia ndotoni na kwenye familia kuna mimba, huhitaji mtu wa kukueleza. Anataka jina. Anataka kuitwa tena.

Mtoto akazaliwa, msichana. Hilo si shida, kwetu hata msichana hupewa jina la babu. Shida ni kwamba Akinyi aliniambia mtoto analia mpaka sauti inakauka, na madaktari hawaoni ugonjwa. Kwetu mtoto akilia hivyo, akina mama humtajia majina ya marehemu, moja baada ya lingine, mpaka lifike lile la kumnyamazisha. Ningeweza kulitaja la Ogola kwenye simu, lakini jina la mtu si nauli, eti ulitume kwa simu. Nikaamua kulipeleka mwenyewe.

Kwanza nilienda Awendo kumwona shemeji yangu Opiyo, mdogo wake Ogola, anayeendesha trekta la miwa. Jambo kama hilo halifanywi bila watu wa mume kujua. Tulikaa kivulini mwa trekta lake, matope ya shamba yakiwa bado kwenye magurudumu. Opiyo alisikiliza ndoto yote bila kunikatiza, na nyinyi mnamjua, kukatiza ndiyo kazi yake.

"Shemeji," akasema mwishowe, "kaka yangu alipata mtoto mmoja tu, Akinyi. Na Akinyi ameolewa mahali ambapo mimi hata kwenye ramani siwezi kupaonyesha. Jina la Ogola likikosa kwa huyu mtoto, litashukia wapi? Nenda. Usirudi kabla hujamfungulia mlango."

Kutoka Awendo nikashuka mpaka Isebania, kwa sababu niliambiwa mitumba ya baridi kali iko mpakani. Mwanamke mmoja Mkuria akaniuzia koti zito la kahawia. "Mama, hii koti ilivaliwa na mtu wa theluji," akaniapia, "baridi ikikuona itahepa yenyewe!" Nilimwamini. Pale Isebania kwenye jua nililivaa nikatoka jasho mpaka viatuni.

Ottawa, na kesi ya omena

Sitawachosha na Nairobi wala Ulaya. Ni kukaa, kukaa, na kuletewa chakula kidogo ambacho hata mwizi hangekiiba. Nawapeleka moja kwa moja Ottawa, ambapo afisa mmoja wa forodha, msichana mwenye sura ya upole, alifungua begi langu akakuta unga wa ugali na omena niliowakausha mwenyewe.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Samaki."

Akainama, akaangalia, akarudi nyuma. "Wote hawa? Wana macho?"

"Ulitaka wawe vipofu?" nikamjibu. Yawa, nilikuwa nimechoka. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao. Omena wa Homa Bay wakazungukwa na watu wenye glavu. Mkubwa alipoinuka alikuwa anacheka, akaniambia wako sawa, nifunge begi. Nilitoka pale nimewabana kifuani, maana kwa mkwe huendi mikono mitupu.

Iqaluit, kwenye ukungu

Ndege ya kutoka Ottawa inaelekea kaskazini mpaka miti inaisha. Nasema inaisha, si inapungua. Chini yetu palikuwa na mawe, maziwa yaliyoganda, mawe tena, na hakuna hata kichaka cha mtu kujisitiri. Nilijiuliza binti yangu niliyemlea kando ya ziwa lenye mafunjo anafanya nini hapa. Tulitua mji unaoitwa Iqaluit, ambapo ningepanda ndege ndogo ya kunifikisha kijijini kwake. Ndege ikakwama kwa sababu ya ukungu.

Kilichonishangaza ni watu. Kwetu gari likichelewa kidogo, abiria wanataka kumpiga konda. Pale walikaa sakafuni na watoto wao, wakanywa chai, wakacheka taratibu. Kila mtu akiuliza anajibiwa, "Labda kesho." Kesho yake tena, "Labda kesho." Mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani, naye anangoja ndege hiyo hiyo, alinitazama koti langu, akalishika kitambaa kwa vidole viwili kama anayeangalia nyama iliyochacha.

"Umelitoa wapi?"

"Isebania."

Akatingisha kichwa, akanichukua mpaka kwa dada yake pale mjini. Tulilala huko, tukalishwa, na nikavalishwa koti lenye manyoya kwenye kofia na buti zinazofika magotini. Nilipotaka kutoa pesa alikasirika. "Utarudisha ukirudi," akasema, na hakuniuliza hata jina langu la pili.

Ni yeye aliyenirekebisha. Nilimwambia nimefurahi sana kuwaona Waeskimo, maana niliwasoma shuleni nikiwa mdogo. Hakukasirika. Akaniambia, "Hilo jina tulipewa na wengine. Sisi ni Inuit. Maana yake ni watu, bas." Nikaona aibu, halafu nikacheka. Nikamweleza kwamba babu zangu nao waliandikwa na Wazungu kuwa Wakavirondo, na mpaka wakafa hawakujua huyo Kavirondo ni nani. Akalipenda hilo jambo. Kila aliyeingia alimsimulia upya, huku akinionyesha kidole, na wote wakacheka pamoja nami.

Mlango wa Naomi

Ukungu ulipoondoka tulifika. Jamani, nitasemaje? Kijiji kiko ufukweni mwa bahari, na bahari yenyewe imeganda. Mlimani theluji, majini theluji, na jua limekaa juu ya yote haya halina mpango wa kwenda popote, kwa sababu wakati huo wa mwaka halitui kabisa. Nilisimama nje ya ndege nikashindwa kutembea. Nilimwona Mungu ni mkubwa kuliko nilivyokuwa nikimfikiria nikiwa kwenye kikaango changu.

Akinyi alikuja kunipokea, na mtoto yuko mgongoni. Lakini hakufungwa kwa leso. Koti la akina mama wa kule limeshonwa na mfuko mkubwa mgongoni, chini ya kofia, na mtoto anakaa mle uchi kabisa, joto la mama ndilo blanketi lake. Niliingiza mkono nikamgusa. Nje baridi inauma masikio, ndani kuna joto kama la mkate uliotoka motoni. Leso mbili mpya nilizobeba niliziacha kwenye begi.

Siku iliyofuata Akinyi aliniambia nikamsalimie mama mkwe wake, Naomi. Ni mjane kama mimi, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Akinyi alikuwa akinyonyesha, nikaenda peke yangu na omena wangu. Nilisimama mlangoni kwa heshima ya mkwe. "Hodi!" Nikabisha. Ndani nilisikia watu wakizungumza, halafu kimya. Nikabisha tena. "Hodi hapa!" Kimya kabisa. Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, na hakuna aliyefungua.

Nilirudi moyo unachemka. Kwetu mtu akikufungia mlango amekwambia yote. Sikumwambia Akinyi kitu. Nilisema tu sikumkuta.

Jioni hiyo mlango wa Akinyi ukafunguka bila hodi, bila kubishwa, akaingia mwanamke mzee mfupi mwenye mashavu mekundu. Alikuwa Naomi. Alinipa mkono, akatabasamu, halafu akaenda moja kwa moja kwa mtoto, aliyekuwa akilia kile kilio nilichokisikia kwa simu. Naomi akamwinua, akamwita, "Tulugaq." Mtoto akanyamaza. Naomi akambusu kwa pua shavuni, akimvuta harufu, na kusema maneno ya lugha yao kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" nikamuuliza Akinyi.

"Anamsalimia mume wake, Mama."

"Mume wa nani?"

Ndipo Akinyi akanieleza, na mimi nikatafuta kiti. Tulugaq alikuwa mume wa Naomi na baba yake Levi, na Levi ndiye aliyemwoa Akinyi. Alifariki muda mfupi kabla mtoto hajazaliwa. Kule jina la marehemu hupewa mtoto anayefuata kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume, na tangu hapo mtoto ni yeye. Naomi humwita "mume wangu". Levi, mwanamume mzima mwenye bunduki na ndevu, humwita binti yake "baba", na humwomba ruhusa kabla ya kwenda kuwinda.

Ningeshangaa nini? Ni mambo yetu haya haya. Nimesafiri nchi yote hii nikawakuta Wajaluo wa barafuni! Lakini sikufurahi, nawaambia ukweli. Niliona kwamba kiti kimekaliwa. Jina limetajwa na mtoto amenyamaza. Ogola wangu yuko mlangoni na koti lake la mvua, na ndani kumeshaingia mtu.

Sabato isiyoanza

Siku zilizofuata nilikula na kununa. Nyama kule huwekwa sakafuni juu ya karatasi ngumu ya boksi, imeganda, mbichi, na kila mtu anachuchumaa na kisu chake. Akina mama wana kisu cha duara kama nusu mwezi, wanakata kipande mbele ya mdomo wenyewe mpaka unafumba macho. Mimi niliuliza maswali ya Kisabato. "Huyu mnyama ana kwato zilizopasuka? Anacheua?" Levi akafikiri, akasema kulungu wao anacheua, naam. Samaki nilimpapasa kwa ukucha mpaka nikayapata magamba, madogo kama chembe za mchanga. Nilimla akiwa ameganda, na haki ya Mungu alikuwa mtamu, ila alihitaji pilipili. Sili, mnyama wa baharini asiye na kwato wala magamba, nilimkataa. Naomi hakuudhika. Yeye alikuwa anatafuna omena wangu wakavu, hawajapikwa, kama njugu.

Ijumaa nikakaa dirishani ningojee jua litue nianze Sabato. Nikangoja. Jua likazunguka nyumba, likaniangalia kutoka dirisha la jikoni. Akinyi akanicheka mpaka akashika ubavu. Wiki iliyofuata nilipata akili, nikampigia Mama Dorika hapa Homa Bay: "Dada, huko jua limezama?" Akasema linazama sasa hivi ziwani. Basi nikaanza Sabato yangu, na kwao ilikuwa hata chakula cha mchana hakijaliwa.

Juu ya bahari

Karibu na mwisho wa safari yangu Levi alitupeleka kwenye barafu. Pikipiki ya theluji inavuta sleji ndefu ya mbao iliyofungwa kwa kamba tupu, hakuna msumari, ili ijikunje inapopita kwenye mawimbi yaliyoganda. Tulikaa juu yake Naomi, mimi, na Akinyi na mtoto mgongoni. Juu ya barafu kulikuwa na madimbwi ya maji ya buluu, na chini ya barafu ni bahari yenyewe. Nilishika kamba nikaimba nyimbo zote za kanisa ninazozijua.

Levi akamwona sili amelala juani, akamwendea kwa kutambaa, akampiga risasi. Alipomvuta mpaka kwetu nilidhani atamchana papo hapo. Hapana. Naomi alimimina maji matamu kwenye kikombe, akapiga magoti kwa taabu, magoti ya uzee kama yangu, akamfungua sili mdomo, akamnywesha taratibu.

Nikauliza kwa nini. Naomi hazungumzi Kiingereza, lakini Akinyi amejifunza lugha yao, akanitafsiria. "Anaishi kwenye maji ya chumvi maisha yake yote, kwa hivyo ana kiu. Ametupa mwili wake, tunampa maji. Atakaporudi tena baharini, atawaambia wenzake kwamba kwetu alipokelewa vizuri."

Nimekaanga samaki tangu nikiwa msichana. Wamenisomeshea mtoto, wamenijengea nyumba. Sijawahi kumpa samaki hata asante. Nilimwangalia yule mwanamke amepiga magoti katikati ya weupe ule usio na mwisho, akimnywesha mnyama, na kifua changu kikajaa hofu nzuri, ile ya kanisani. Machozi yakaanza.

Naomi akaketi kando yangu. Akasema, na Akinyi akatafsiri: "Tangu ufike unamtazama mume wangu kama mtu aliyekukalia nguo. Kuna nini?"

Basi nikatapika yote kwa Kijaluo. Nikasema mkwe, mimi nilikuja kwako siku ya kwanza ukanifungia mlango, na ndani mlikuwemo. Na nilikuja na mtu. Nikaeleza ndoto, koti la kijani, baridi, na yale maneno: mbona hamnifungulii. Akinyi alikuwa anatafsiri sentensi moja moja. Alipofika kwenye koti akaanza kulia, maana hiyo ndoto hakuwahi kuisikia. Akafuta machozi, akamalizia.

Naomi alishika mdomo. "Aliyebisha siku ile ulikuwa wewe? Mwenzangu, sisi tulidhani ni polisi!" Akanieleza kwamba kule hakuna mtu anayebisha mlango. Anayebisha ni polisi au mgeni mwenye shida na watu. Mtu wa nyumbani anafungua anaingia. Wao walikaa ndani wakiulizana nani ameshtakiwa, na mimi niko nje nangoja kukaribishwa.

Halafu akaniuliza, "Na mume wako, katika ndoto, alibisha?"

"Alibisha."

"Ndiyo maana yuko nje mpaka leo. Mwambie kwetu habishi mtu. Mwambie aingie."

Nikamwonyesha mtoto, nikamuuliza, je, Tulugaq hataona vibaya? Naomi akacheka. Akasema mtoto ana nafasi, Levi mwenyewe ana majina ya watu watano na wote wanaelewana. "Wangu anaijua barafu," akasema, "wako haijui. Wangu atatangulia, wako afuate nyayo zake."

Akachukua kile kikombe, akamwaga, akakimiminia maji mengine, akachovya kidole. "Ametoka mbali, ana kiu." Akinyi, muuguzi wangu, akaruka: "Mtoto chini ya miezi sita hapewi maji!" Tukamwambia nyamaza, sote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Naomi akamlowesha mtoto midomo, akanipisha. Nikainama kwenye ile kofia yenye joto, nikamwita, "Ogola. Ingia, baba. Pamefunguliwa."

Mngependa niwaambie alinyamaza papo hapo. Alikuwa amelala! Alifungua jicho moja, akanitazama kama Ogola alivyokuwa akinitazama nikimwamsha aende kanisani, akalifunga.

Tukanywa chai pale pale juu ya bahari. Naomi akaniuliza Ogola alipenda nini, maana lazima wajue namna ya kumtunza. Tangu mazishi watu wameniuliza alikufa na nini. Hakuna aliyeniuliza alipenda nini. Nikasema, nikasema mpaka chai ikapoa: kichwa cha samaki, redio kwa sauti kubwa, kulala na soksi, kunichokoza mbele ya wageni. Naomi akawa anamtingishia kichwa mtoto, kwamba umesikia, ndivyo ulivyo.

Kisha mimi nikapiga hesabu nikashtuka. Kama huyu ni mume wako, na huyu ni mume wangu, basi sisi ni wake wenza! Kwa Kijaluo mke mwenza ni nyieka. Akinyi alipomfafanulia, Naomi alicheka mpaka akaanguka kwenye sleji, akalirudia hilo neno njia nzima ya kurudi.

Nyumbani

Koti la manyoya nililirudisha Iqaluit. Lile la Isebania nimelitundika hapa hotelini, anayelitaka aje. Opiyo alinipokea Awendo, akauliza swali moja tu: "Umemfungulia?" Nikamwambia ameingia. Akageuka akajifanya anaangalia gurudumu la trekta.

Ogola hajanijia ndotoni tena. Nilidhani nitaumia, lakini nalala vizuri. Miaka yote ya ndoa yetu alinitishia mke wa pili na hakuthubutu kumleta. Sasa juzi nikiwa kwenye kikaango simu ikalia, na kabla sijasema halo nikasikia sauti ya Naomi, kwa Kijaluo alichofundishwa na Akinyi, anajivuna kabisa:

"Nyieka! Mume wetu ameota jino, na aliyeng'atwa wa kwanza ni mimi."